Kamera Inapoingia Ndani ya Habari

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa waandishi, wahariri na wanafunzi wa utangazaji. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu Mwenyekiti, wahariri wenzangu, wapigapicha, ninyi wahariri wa video mnaokesha mbele ya skrini, na wanafunzi mliojaa huko nyuma: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maadili katika vipindi vya matukio vya televisheni, hasa vile vyenye ladha ya udaku. Mnavijua. Ni vile vinavyorushwa karibu na taarifa ya habari ya jioni, saa ambayo watu wote wa nyumba wako sebuleni. Fundi tapeli anakimbizwa na kipaza sauti. Jirani mkorofi. Mwenye nyumba katili. Kijana asiyetaka kazi. Kamera ya siri, muziki wa kutisha, na mtangazaji anayetikisa kichwa kwa masikitiko kabla ya kutupeleka kwenye matangazo ya biashara.

Sikuja hapa kuvidharau. Nisikilizeni vizuri kwenye hili. Mjane aliyeandikia kampuni barua miezi sita bila kujibiwa hurudishiwa pesa zake siku mbili baada ya kamera kufika. Hilo nimeliona, na wengi wenu mmeliona. Vipindi hivi huongea na mtu wa kawaida kwa lugha yake, juu ya shida zake, na ndiyo maana hutazamwa. Nguvu hiyo ni ya kweli. Swali langu ni moja: nguvu hiyo inaelekezwa kwa nani, na ikimwangukia asiyestahili, nani anakwenda kumwinua?

Nimefuatilia kashfa za vipindi hivi katika nchi mbalimbali, na kila nikifika kwenye kiini nakuta kitu kilekile. Mambo yaliharibika pale kamera ilipoacha kushuhudia tukio ikaanza kulitengeneza. Ikawa mshiriki. Ikawa na haja na mwisho fulani. Na aliyelipa gharama, karibu kila mara, ni mtu ambaye hakuwa na neno lolote ndani ya chumba cha kuhariri.

Twende Marekani kwanza, Novemba 1992. Kipindi cha Dateline cha kituo cha televisheni cha NBC kilirusha habari kuhusu malori madogo ya kampuni ya magari ya General Motors ambayo matangi yake ya mafuta yalifungwa ubavuni, nje ya fremu ya gari. Madai yalikuwa kwamba gari likigongwa ubavuni, tangi linapasuka na moto unawaka. Kipindi kilionyesha jaribio: gari linagonga lori, mwali unaruka. Nani angebisha? Umeona kwa macho yako.

Ambacho mtazamaji hakuambiwa ni kwamba chini ya lori lile vilifungwa viwashio, injini ndogo za roketi za kuchezea watoto, vilivyowashwa kwa rimoti ili moto usikose. Kampuni iliyatafuta magari yaliyotumika, ikayapata kwenye uwanja wa vyuma chakavu, ikaufichua mchezo wote. Februari 1993 General Motors ilifungua kesi, na siku iliyofuata watangazaji wa kipindi walisoma radhi hewani. NBC ilimlipa mlalamikaji takriban dola milioni 2 za gharama za uchunguzi, na rais wa idara ya habari, Michael Gartner, akajiuzulu.

Lakini ndugu zangu, hiyo ndiyo sehemu ya hadithi inayosimuliwa kila mahali. Sehemu inayonikera mimi ni nyingine. Watu walikuwa wamekufa kwa moto katika malori yale. Zilikuwepo kesi mahakamani. Siku chache tu kabla ya radhi ile, baraza la mahakama mjini Atlanta lilikuwa limewapa wazazi wa kijana aliyeungua ushindi wa zaidi ya dola milioni 105, hukumu ambayo baadaye ilitenguliwa kwenye rufaa. Yaani hoja ilikuwepo! Nyaraka zilikuwepo, wahandisi wa kuhojiwa walikuwepo, familia zilikuwepo. Kilichokosekana ni mwali mzuri wa kuonyesha. Na kwa sababu ya mwali ule wa kutengenezwa, kampuni ilipata nafasi ya kusimama mbele ya taifa kama mwathirika. Familia zilizofiwa zikarudishwa nyuma ya pazia. Mwandishi anayetia chumvi kwenye habari ya kweli anamnyang'anya mwenye haki silaha yake ya pekee.

Sasa twende India, Agosti 2007. Kituo cha televisheni mjini Delhi kinarusha picha za kamera ya siri zikimwonyesha mwalimu wa shule ya serikali akidaiwa kuwaingiza wanafunzi wake wa kike katika biashara ya ngono. Mzazi gani angetulia? Umati ulifika shuleni. Mwalimu alipigwa, nguo zake zikachanwa, na kamera nyingine zilikuwepo kurekodi hilo nalo. Akakamatwa. Akafukuzwa kazi.

Polisi walipochunguza, habari ilianza kumong'onyoka. Msichana aliyeonyeshwa kama mwanafunzi hakuwa mwanafunzi. Alikuwa binti aliyekuwa akitafuta njia ya kuingia kwenye uandishi wa habari, akapewa sehemu ya kuigiza. Mtego mzima ulikuwa wa uongo. Mwandishi alikamatwa, na serikali ikakifungia kituo kisirushe matangazo kwa mwezi mmoja.

Mwezi mmoja. Kituo kilizima mitambo mwezi mmoja, kikawasha tena. Mwalimu yule alivuliwa nguo mbele ya dunia kwa asubuhi moja, na asubuhi ile haina mahali pa kuwashwa upya wala kuzimwa.

Jiulizeni: ni watu wangapi waliigusa habari ile kabla haijaruka hewani? Mhariri wa zamu. Mhariri wa video. Mtangazaji. Aliyeandika maneno ya chini ya skrini. Hivi hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Huyu binti anasoma darasa gani?" Swali la dakika moja. Simu moja kwa mwalimu mkuu.

Nadhani najua kwa nini halikuulizwa, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ni jambo la ndani ya nyumba yetu ambalo watazamaji hawalioni. Ni kionjo. Lile tangazo la sekunde ishirini linaloanza kuruka saa sita mchana: "Leo usiku, usikose! Mwalimu aliyewauza wanafunzi wake!" Kionjo mara nyingi huandikwa kabla habari haijamalizika. Kinaandikwa na mtu ambaye kazi yake ni kuwafanya watu wabaki kwenye chaneli, naye ana haki ya kuifanya vizuri. Lakini kikisharuka hewani, mhariri gani atainuka saa kumi na moja jioni aseme, "Jamani, yule bwana ametuletea risiti, inaonekana hakuiba"? Nafasi imeuzwa. Bosi amekwisha kukiona. Wapinzani wamekwisha kukiona. Kuanzia hapo chumba kizima hakitafuti tena ukweli wa jambo, kinatafuta picha za kulipa deni la kionjo. Uongo mwingi katika kazi hii hauanzi na mwongo. Unaanza na ahadi iliyotolewa mapema mno.

Na wakati mwingine ahadi inatolewa kwa pesa. Aprili 2016, timu ya kipindi cha 60 Minutes cha kituo cha Channel Nine cha Australia ilikuwa Beirut, Lebanon. Mama mmoja Mwaustralia alikuwa akiwadai watoto wake wawili waliokuwa kwa baba yao. Habari nzuri, tena yenye machungu ya kweli. Hakuna mzazi asiyeielewa. Lakini mpango haukuwa kuandika juu ya mgogoro huo. Watoto walinyakuliwa mtaani mchana kweupe wakiwa na bibi yao, na kikosi kilichokodiwa kwa kazi hiyo. Nani alilipa? Nyaraka zilionyesha dola 69,000 za Australia zilitoka moja kwa moja Channel Nine kwenda kwa kikosi kile.

Mama alikamatwa. Mwandishi Tara Brown na wenzake watatu wa kamera na uzalishaji walikamatwa, wakakaa mahabusu takriban wiki mbili hadi yalipofikiwa makubaliano na baba wa watoto. Tathmini ya ndani ilifanywa na Gerald Stone, mtayarishaji aliyekianzisha kipindi chenyewe nchini mwake, na haikuwaremba. Mtayarishaji mmoja akaondoka. Kiongozi wa kikosi alibaki gerezani miezi mingine baada ya wanahabari kurudi nyumbani. Na mama yule alirudi Australia bila watoto wake.

Naambiwa na baadhi ya wenzetu: "Walikuwa wanamsaidia mama." Sawa. Tuseme nia ilikuwa njema. Kama mlipaji ndiye mrekodi, ni nani katika safari ile alikuwa na kazi ya kusema, "Hapana, hii ni hatari kwa watoto"? Mwandishi wa kawaida angeuliza: mahakama ya nchi hii inasema nini? Watoto watapitishwa njia gani kutoka nje? Bibi yao akianguka je? Aliyekwisha kulipa haulizi maswali hayo, kwa sababu jibu baya litamnyima habari aliyoinunua.

Miaka kumi kabla ya hapo, nchi hiyohiyo ilishuhudia vituo viwili vikishindana juu ya mtoto mmoja wa kabila la Wakorowai huko Papua, Indonesia, aliyedaiwa kuwa hatarini kuliwa na watu wa jamii yake. Kituo kimoja kilirusha habari hiyo. Septemba 2006 timu ya kipindi pinzani, Today Tonight, ikakimbilia huko na viza za utalii ikisema inakwenda kumwokoa. Mamlaka za Indonesia ziliwazuia na kuwafukuza nchini. Kelele zilizofuata zilikuwa juu ya nani kamharibia nani habari. Mtoto mwenyewe akawa jina tu la kurushiana.

Sasa naomba tunyamaze kidogo kabla ya jambo linalofuata, maana linahusu damu.

Agosti 1988, Ujerumani Magharibi. Majambazi wawili wanavamia benki katika mji wa Gladbeck, wanachukua mateka, wanaanza kuzunguka nchi. Wanateka basi la abiria mjini Bremen. Siku ya tatu gari lao linasimama katikati ya Köln, kwenye mtaa wa maduka wa waenda kwa miguu. Na nani wanalizunguka? Waandishi wa habari. Kwa makumi. Wanawapelekea watekaji kahawa. Wanawahoji dirishani. Wanamhoji msichana wa miaka 18 huku bastola ikiwa imeelekezwa shingoni mwake, wanamuuliza anajisikiaje. Mwandishi mmoja, Udo Röbel, anaingia ndani ya gari na kuwaongoza watekaji njia ya kutokea hadi barabara kuu.

Mchana huohuo polisi walilizuia gari barabarani, risasi zikarushwa, na msichana yule akafa. Usiku uliotangulia alikuwa ameuawa mvulana wa miaka 15 kwenye basi, na polisi mmoja alikufa katika ajali wakati wa kuwafukuza. Baada ya hapo Baraza la Habari la Ujerumani liliweka kanuni iliyo wazi kabisa: wahalifu hawahojiwi wakati uhalifu unaendelea. Röbel mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba ana majuto. Lakini tazameni: ilibidi watu wafe ndipo iandikwe kanuni ambayo kila mama wa nyumbani angeweza kuitoa kichwani.

Je, dunia ilijifunza? Machi 1993, New South Wales, Australia. Watu wenye silaha, waliokuwa wakisakwa kwa mauaji, wamejifungia katika nyumba ya shambani huko Cangai wakiwa na watoto. Mike Willesee, mtangazaji mkongwe wa kipindi cha televisheni cha A Current Affair, anapiga simu ndani ya nyumba ile. Anazungumza na mtekaji. Kisha anazungumza na watoto, na taifa linasikiliza. Watoto walinusurika. Wapo waliosema, "Si mmeona? Hakuna aliyedhurika." Nawaomba mlikatae jibu hilo popote mtakapolisikia. Dereva mlevi akifika nyumbani salama hatumpi cheti cha udereva bora. Kila dakika ambayo laini ile ilikuwa na mtangazaji, haikuwa na mpatanishi wa polisi. Swali moja baya, neno moja la kumkasirisha mtu mwenye bunduki, na leo tungekuwa tunataja makaburi.

Na Manila tunayataja. Tarehe 23 Agosti 2010, polisi aliyefukuzwa kazi aliteka basi la watalii kutoka Hong Kong. Ndani ya basi kulikuwa na televisheni. Vituo vilirusha kila kitu moja kwa moja: polisi wamejipanga wapi, wanasogea upande gani. Mtekaji alikuwa mtazamaji wao namba moja. Kupitia skrini ile alimwona kaka yake akikamatwa na kuburutwa, akapandwa na hasira, na wakati huo laini yake ya simu ilikuwa imeshikwa na kituo cha redio kikimhoji hewani. Mateka 8 walikufa.

Wanafunzi, nawageukia ninyi. Siku moja mtakuwa na namba ya simu ambayo hakuna kituo kingine kinayo. Mhariri wenu atakuwa amesimama nyuma ya kiti chenu. Wapinzani watakuwa wanaitafuta namba hiyohiyo. Mtapiga? Amueni leo, mkiwa hapa, mkiwa mmetulia, kwa sababu siku hiyo hamtakuwa na utulivu wa kuamua.

Nimesema juu ya kutengeneza tukio na juu ya kuingilia tukio. Lipo la tatu, na ndilo linalotokea kila wiki bila mtu kufa, kwa hiyo hatulioni: kuchagua wa kumwaibisha.

Mwaka 1996, A Current Affair ilichukua vijana watatu, ndugu wa familia moja ya Melbourne waliokuwa hawana kazi na wakipokea posho ya serikali, ikawapeleka kwenye hoteli ya kisiwani huko Queensland, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao. Wakaonyeshwa kazi. Mmoja aliambiwa lazima akate nywele zake ndefu. Walikataa kazi zile. Kwa kipindi, hiyo ndiyo ilikuwa habari: tazameni wavivu wanaokula kodi yenu! Nchi nzima ikawageukia. Jina la ukoo wao likawa tusi la kumwitia kila asiye na kazi.

Chunguzeni kilichofanyika pale. Wale walikuwa vijana wasio na ajira kama maelfu ya wengine katika nchi iliyokuwa na uhaba mkubwa wa kazi kwa vijana. Hawakuiba. Hawakumdhuru mtu. Kituo ndicho kilichotafuta kazi, kikachagua mahali, kikalipa safari, kikaweka kamera, na kusubiri jibu. Kijana akisema ndiyo, ni habari ya furaha ya dakika tano. Akisema hapana, ni wiki nzima ya hasira, na hasira inauza zaidi. Mlidhani mtayarishaji alikuwa akiomba lipi?

Miaka michache baadaye mchekeshaji chipukizi, John Safran, alikwenda na kamera nyumbani kwa Ray Martin, aliyekuwa mtangazaji wa kipindi kile, akiwa pamoja na mmoja wa vijana walewale, akapekua mapipa yake ya taka. Martin alikasirika, na kukatokea vuta nikuvute pale nje. Mkuki kwa nguruwe. Sifurahii kuvamiwa kwa nyumba ya mtu yeyote, hata ya mtangazaji. Lakini ile hasira yake ilikuwa halali kabisa, na ni hasira hiyohiyo ambayo kila aliyeviziwa mlangoni kwake anayo, ila yake sisi huiita "kukataa kujibu maswali".

Hebu tuutazame huo mlango kwa karibu. Gari la kituo limeegeshwa nyumba tatu mbele. Mpigapicha ameshaanza kurekodi kabla hajashuka. Mwandishi anabisha hodi. Anatoka mtu mwenye malapa, hajanyoa, mkono mmoja umeshika kitasa. Anapigwa maswali matatu kwa pumzi moja: "Kwa nini unawaibia wazee? Utawarudishia lini? Huoni aibu?" Anasema, "Samahani, nyie ni akina nani?" Anafunga mlango. Basi. Sekunde kumi.

Kisha picha hizo zinafika kwenye chumba cha kuhariri. Lile swali lake, "nyie ni akina nani", linakatwa. Rangi inaondolewa, mwendo unapunguzwa. Chini yake unawekwa muziki mzito. Mlango ule unafungwa mara moja katika kionjo, mara ya pili mwanzo wa kipindi, mara ya tatu kabla ya matangazo, na mara ya nne ndani ya habari yenyewe. Mtu aliyefunga mlango wake mara moja amekuwa mtu anayefunga milango maisha yake yote. Wahariri wa video mnacheka, kwa sababu mnajua hata ni kitufe gani. Na hakuna neno hata moja la uongo lililosemwa! Ndiyo maana wanasheria wa kituo hupitisha habari hizi bila wasiwasi.

Sisemi mlango usibishwe. Tapeli aliyeandikiwa barua mara mbili, akapigiwa simu, akapewa siku za kujibu na bado anajificha, huyo mfuateni hadi mlangoni, nami nitabeba kipaza sauti. Ila mara ngapi mlango ndiyo mawasiliano ya kwanza? Mara ngapi tunakwenda mlangoni kwa sababu tunaogopa tukipiga simu atatupa maelezo yenye akili?

Mwaka 2006 kipindi kile cha Dateline, katika mfululizo wake wa kuwanasa wanaume waliodhani wanawasiliana na watoto mtandaoni, kilikwenda Texas. Kosa wanalotuhumiwa watu hao ni baya mno, na sina chembe ya utetezi kwalo. Mmoja wa watuhumiwa, mwendesha mashtaka msaidizi, hakwenda kabisa kwenye nyumba ya mtego. Polisi wakamfuata kwake, timu ya televisheni ikisubiri nje. Walipoingia, alijipiga risasi. Dada yake alifungua kesi, jaji akakataa kuitupa, na kituo kikamalizana naye nje ya mahakama. Na katika operesheni ileile, mwendesha mashtaka wa wilaya aligoma kuwashtaki zaidi ya watu 20 walionaswa, akitaja matatizo ya ushahidi. Hapo ndipo pa kusimama. Kama kweli tulikuwa upande wa watoto, lengo letu lingekuwa kesi isimame mahakamani. Kipindi kilipata kipindi chake. Mahakama haikupata kesi.

Najua kuna mwenzetu amekaa hapa anasema moyoni, "Basi tuache kamera za siri?" Hapana. Mwaka 1992, watayarishaji wa kituo cha televisheni cha ABC cha Marekani waliomba kazi kwa wasifu wa uongo katika maduka ya vyakula ya Food Lion, wakaficha kamera kwenye mawigi, wakaonyesha jinsi nyama iliyopitwa na muda ilivyofungwa upya na kuuzwa. Kampuni ilishtaki kwa udanganyifu wa ajira na uvamizi. Baraza la mahakama liliipa zaidi ya dola milioni 5.5, lakini mwaka 1999, baada ya rufaa, zilibaki dola 2. Mbili. Wengine huchukulia hukumu ile kama ruhusa. Mimi naitazama hivi: kamera ile ilielekezwa kwa kampuni kubwa, juu ya afya ya wateja wote, mahali ambapo hakuna mlango mwingine wa kuingilia. Pima kamera yako ya siri kwa vipimo hivyo vitatu. Fundi wa televisheni mwenye duka la chumba kimoja anapimwaje hapo?

Wahariri, nina maombi kwenu, nayo ni ya kazi. Kionjo kisirushwe kabla ya mtuhumiwa kujibu. Kituo kisimlipe mtu yeyote afanye jambo ambalo ndilo litakalokuwa habari. Hakuna simu kwa mtu mwenye silaha na mateka, hata kama wengine wote wamepiga. Barua na simu vitangulie mlango, na tarehe zake zisomwe hewani. Na katika kila kipindi awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha habari, ambaye mshahara wake hauguswi na idadi ya watazamaji. Mkimpata mtu huyo, msimuite kikwazo.

Ombi la mwisho ni la kesho asubuhi, kabla ya kikao cha habari. Fungueni maktaba yenu ya video, mtafute ile picha ya mlango unaofungwa ambayo mmeitumia mara nyingi zaidi kwenye vionjo. Tafuteni jina la aliyeufunga. Tafuteni madai yale yaliishia wapi: alishtakiwa, alisafishwa, au hakuna aliyefuatilia. Kama hakuna kwenye chumba anayejua, mpigieni simu, jitambulisheni, na mumsikilize hadi amalize. Kama hakutiwa hatiani, picha ile itoeni kwenye matumizi siku hiyohiyo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.